Kilomita Nne kwa Rivasi

Eilat, 3 Februari 1970

Mwalimu Tirtza,

Kabla hujachukua ile kalamu yako nyekundu, jua unasoma barua ya mtu gani. Katika nchi hii nzima, kuanzia kule juu kwenye theluji hadi huku Eilat ambako yai linaiva juu ya boneti, hakuna mwanadamu aliyewahi kuendesha trekta kwa rivasi kilomita nne, akavuka mifereji mitatu, bila kugeuza shingo hata mara moja. Mimi nimefanya. Niliposimulia habari hizo hapa bandarini, mmoja wa madereva wakubwa akaninunulia bia. Siku nikifa msiandike kwamba nilikuwa mnyenyekevu. Andikeni hilo la trekta.

Haya, nakujibu. Unasema kamati ya kumbukumbu inaandaa kijitabu cha Avshalom, kiwe tayari mwezi wa tano, mwaka ukitimia tangu afe, na kila rafiki atoe ukurasa mmoja kwa lugha safi. Ukurasa mmoja, Mwalimu? Mimi na Avsha tulilala chumba kimoja miaka saba, tangu mama yangu aliponileta kibutzi, kwenye kijiji chenu cha mali ya pamoja, nikiwa na miaka kumi na mbili na begi la kadibodi, nanyi mkakaa kikao mkaona Prosper si jina la mtu, mkanipa Pinhas. Ukurasa mmoja hautoshi hata kwa miguu yake ilivyonuka.

Na vijitabu vyenu navijua. Vimepangwa kwenye rafu ya maktaba karibu na jiko la mafuta, na mimi wakati wa baridi nilikuwa msomaji mkubwa wa sehemu ile. Kila aliyekufa kwenu alikuwa mkimya, alipenda kazi, alipenda udongo, na alikuwa na tabasamu la haya. Sasa nauliza mimi mwenye elimu ya darasa la nane: keki za jikoni alikuwa akiziiba nani? Inakuwaje wezi wote wamebaki hai?

Basi ukurasa wangu huu hapa, unakili:

"Avshalom Lifshitz alitaka tarumbeta. Tarumbeta hakupewa, kwa sababu kwenu hata mswaki unapigiwa kura. Akachukua mpira wa maji mita moja na nusu, akachomeka faneli ya maziwa mwishoni, akawa anawapulizia ng'ombe kila alfajiri. Alisema maziwa yataongezeka. Siku ya tatu ng'ombe walivunja uzio. Ilikuwa ndiyo siku ya wale wageni wa wizarani, na ng'ombe anayeitwa Malka aliingia bwaloni akala maua ya mezani na nusu ya hotuba ya mgeni rasmi, ile ya karatasi. Avsha alisimama mlangoni na mpira wake akasema, 'Anapenda muziki wa taratibu zaidi.' Hakuwa mkimya. Udongo aliuona masikioni mwake tu. Ungelala naye juu ya mawe angekuchekesha mpaka uyaone ni magodoro."

Sawa? Usibadilishe neno.

Mimi sijambo. Naendesha kreni kubwa kuliko zote bandarini. Jeshi bado linanikataa kwa ajili ya nyayo bapa. Nadhani waliogopa nitamaliza vita mapema watu wakose kazi.

Halafu, Bluma anajua kwamba umeniandikia? Yaani mama yake Avsha. Nauliza tu.

Prosper Vaknin (si Pinhas)


Ein Livne, 11 Februari 1970

Pinhas,

Nashukuru kwa barua. Makosa ya tahajia yalikuwa thelathini na manne, ambayo kwako ni maendeleo.

Kamati imesoma ukurasa wako na imeuhariri hivi:

"Avshalom alipenda muziki na wanyama."

Tunaona sentensi hiyo imebeba kiini cha ulichosema. Ng'ombe Malka bado yuko hai na habari ile ilituletea barua tatu kutoka wizarani, kwa hiyo hatutairudia katika chapa. Kama unaweza kuongeza sentensi mbili kuhusu bidii yake kazini, nafasi ipo.

Kuhusu kreni: binamu yangu ni karani hapo bandarini. Anasema unabeba magunia. Si aibu kubeba magunia, Pinhas. Aibu ni kuyaita kreni.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie kwa haraka. Ndiyo, Bluma anajua. Anasoma kila ukurasa kabla haujaenda kwa mchapaji, na kila aliyemfahamu mwanawe anamwuliza swali moja. Jeshi liliporudisha mfuko wake, mlikuwa na cheti cha ruhusa: Ijumaa, tarehe tisa mwezi wa tano, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku. Kambi yake ilikuwa nusu saa kutoka hapa. Siku kumi na moja baadaye aliuawa kwenye barabara ya doria. Ile Ijumaa alikuwa na saa sita mkononi, na kwa mama yake hakufika.

Unakumbuka mkutano mkuu wa mwezi wa tatu mwaka ule, tulipopigia kura tarumbeta yake. Ilianguka kwa sitini na moja dhidi ya sitini. Bluma alinyanyua mkono kukataa. Alisimama akasema mtoto wake asipewe asichopewa mtoto wa mwingine, na kama ni kelele, basi iwe kelele ya watu wote. Tulimpigia makofi. Sasa ana miezi tisa akiamini kwamba mwanawe alipata ruhusa yake ya mwisho akaamua kumkwepa kwa hasira.

Ulikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote. Kama unajua alikokuwa, andika.

Tirtza
kwa niaba ya Kamati ya Kumbukumbu


Eilat, 19 Februari 1970

Mwalimu Tirtza,

Binamu yako karani ana wivu. Magunia nayabeba, ndiyo, lakini nayabeba kuelekea kwenye kreni, na bila mimi kreni ingebaki imesimama kama abiria aliyeachwa na basi.

Na sentensi yenu nimeisoma. Alipenda muziki na wanyama. Hata punda akifa anaweza kuandikiwa hivyo.

Ile Ijumaa. Mimi sijui kitu. Mimi nilikuwa na homa, nimelala tangu asubuhi, nimejifunika mpaka kichwani, sikuona trekta wala mtu. Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakuambia siri ambayo Avsha aliniapisha nisiitoe, na marehemu atanisamehe. Alikuwa na mchumba Haifa. Binti wa duka la maua, mrefu, mwenye kipengo cha meno mbele. Jina sikuambiwa. Bila shaka saa zake sita alizipeleka huko, aende na kurudi mbio, kama kijana yeyote mwenye damu. Mwambie Bluma haikuwa hasira. Yalikuwa mapenzi. Mapenzi hayamkumbuki mama, hiyo hata kwenye vitabu imo.

Nimeongeza na bidii ya kazi kama mlivyotaka: "Alifanya kazi kwa bidii sana akionekana."

Kuhusu trekta sina la kuongeza, ila kumbuka mifereji ilikuwa mitatu na mmoja una kona.

Prosper


Ein Livne, 2 Machi 1970

Prosper,

Naona nimeandika jina lako. Nimekasirika kiasi kwamba nimesahau kulikosea.

Barua yako nilimsomea Bluma Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi hakuwapo kazini kwenye ghala la nguo, mwanamke ambaye hakukosa siku hata alipozaa. Alikuwa amechukua chupa ya jamu ya tunda la aprikoti na basi la kwanza la Haifa. Ana miaka hamsini na nane na goti moja bovu. Nadhani unajua Haifa imejengwa kwa ngazi. Alirudi Jumatano.

Kaa na hilo kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Umekaa? Sasa nisikilize. Mimi nimefundisha watoto miaka ishirini na sita. Mtoto aliyevunja dirisha huwa hasemi "sijui". Husema alikuwa na homa. Na mtu aliyelala na homa hakuna anayemwuliza kama aliona trekta. Wewe umejiuliza mwenyewe ukajijibu.

Jioni ileile ya tarehe tisa, jirani zetu wa kibutzi cha Givat Luz waliibiwa kengele ya bwalo lao, ya chuma, kilo arobaini. Wamekuwa wakitugongea mlango karibu mwaka mzima nasi tumeapa hatuijui. Kutoka kwao hadi kwetu, kwa njia ya mifereji, ni kilomita nne. Na Jumamosi asubuhi fundi wa gereji alikuta trekta ndogo imeingia bandani mkia mbele.

Sitamwambia Bluma ninachofikiri. Si kazi yangu, ni yako. Amechukua anwani yako kwangu.

Tirtza


Ein Livne, 7 Machi 1970

Prosper, mwanangu,

Nimeingia maduka tisa ya maua. Kila mahali niliona vibaya kuuliza bila kununua, kwa hiyo sasa nina vyungu vinne vya maua nisivyovijua majina, na mkutano mkuu utataka kujua ni vya nani. Hakuna binti mwenye kipengo. Katika duka la sita palikuwa na mmoja mfupi mwenye meno kamili, akaniuliza namtafuta nani, nikamweleza, akalia nami dakika kumi bila kumjua mwanangu. Jamu nikamwachia yeye.

Sikukasirika. Wewe nilikufundisha mimi kushona soksi, na nakumbuka mshono wako: unarukaruka, mkubwamkubwa, unapita mbali na tundu. Unavyosema uongo ni hivyohivyo.

Sasa nikuambie ninachojua mimi, kisha nikae nikingoja unachojua wewe.

Ijumaa ile nilikuwa zamu ya kufuta meza. Watu walishaondoka bwaloni, ilikuwa saa tatu kasoro. Ukaingia una majani kichwani na grisi mpaka kwenye viwiko. Ukakaa kwenye kiti cha Avshalom, kile ninachokiacha wazi kila Ijumaa pembeni yangu hata leo. Nikakuuliza, "Utakula?" Ukasema, "Lete chochote." Nikakuletea samaki wetu wa kusagwa, yule ambaye kwa miaka saba ulimwita keki iliyozama. Ukamla wote. Ukaomba mwingine. Hukufanya mzaha hata mmoja. Nilijiambia, mtoto huyu anaumwa. Sikujua ugonjwa wenyewe.

La pili. Nguo zote za kibutzi hupita mikononi mwangu na kila uzi naujua. Kabla hajaenda kambini nilimshonea jozi nne za soksi za kijivu, nikazitia namba yake ya dobi, 114, kwa uzi mwekundu. Mfuko uliporudi zilikuwa tatu. Jeshi hupoteza vitu vingi, lakini soksi hurudisha.

Sikuulizi umefanya nini. Vya kuvunjwa ulishavivunja vyote ulipokuwa kwetu, na bado nilikuwa nikikukatia kipande cha pembeni cha keki.

Nauliza hili moja. Mkono wangu ndio uliokuwa wa sitini na moja. Ningeuacha mapajani, kura zingelingana, na mwenyekiti, ambaye ndiye angeamua, alikuwa mtu wa muziki. Je, mtoto wangu alikufa amenikasirikia?

Usinipambie. Niandikie kama ulivyokuwa ukiongea na yeye mkidhani nimelala.

Bluma


Eilat, 15 Machi 1970

Mama Bluma,

Najua kwenu kila mtu anaitwa kwa jina lake tupu, hata mwenyekiti. Lakini mama yangu angenichapa, kwa hiyo leo utavumilia kuitwa mama.

Barua hii nimeiandika mara tano. Nne za kwanza nilikuwa shujaa ndani yake.

Nilimkuta njia panda saa kumi na moja na nusu, mimi natoka kukata majani ya ng'ombe na ile trekta ndogo. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, mweusi kama sufuria, anacheka peke yake. Akasema, "Nipeleke kwa mama kabla hajaanza kupanga vijiko." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Hata salamu yangu hakuingoja. Nakuapia kwa macho ya mama yangu.

Mimi nikamwambia, "Mikono mitupu?"

Akasema, "Nimpe nini? Mchanga wa buti?"

Hapo likanijia wazo. Katika ya pili kati ya hizo nne niliandika kwamba wazo lilikuwa lake, maana marehemu habishi. Lilikuwa langu. Nikamwambia, "Mama yako si alisema kama ni kelele iwe ya watu wote? Basi mpelekee kelele ya watu wote. Givat Luz wana kengele." Alinitazama kama vile nimegundua mafuta. Akasema tutaingia nayo bwaloni kwetu katikati ya wimbo wa Ijumaa, tuiweke mezani kwako, na yeye atasimama aseme, "Ndugu mwenyekiti, naomba tuipigie kura."

Sasa swali lako. Hasira hakuwa nayo hata ya kujaza kijiko. Tulipokuwa tumejificha nyuma ya tangi la Givat Luz tukingoja watu waingie kula, nilimtania. Nikasema, "Wewe mama yako mzazi alikunyima tarumbeta mbele ya watu mia." Akasema hivi, na haya ni yake, sijatia chumvi: "Kule kambini kila mtu anasimulia jinsi mama yake anavyompenda. Mimi nikawaambia wangu alinipigia kura ya hapana, kwa haki, kisha usiku uleule akanishonea jozi nne za soksi. Wakataka kuziona. Nitafutie mama mwingine wa hivyo, Prosper. Hayupo." Alikuwa akikuringia, Mama Bluma. Alikuringia kama mimi ninavyoringia kreni, tofauti ni kwamba yeye alikuwa nawe kweli.

Saa moja watu wakaingia, wakaanza kuimba, tukaishusha. Mimi chini, yeye juu ya ngazi. Ilikuwa ikilia kila tukiigusa. Akavua buti, akavua soksi, akaukaba ulimi wa kengele kwa soksi zote mbili. Ndiyo jozi yako ya nne. Bado zimo. Kengele iko kwenye kile kibanda cha tangi la maji moto nyuma ya chumba cha dobi, chini ya magodoro yaliyochanika, hatua kumi kutoka kwenye cherehani yako. Sikuwa na mahali pengine pa kuificha na nilikuwa naharakisha. Miezi kumi umekaa karibu nayo kuliko na jirani yako.

Kisha tukaondoka. Niliingiza rivasi kutoka pale ukutani, na gia ikagoma kutoka. Nikavuta, nikapiga teke, nikaitukana kwa Kimoroko cha mama yangu. Wapi. Avsha akasema, "Basi twende hivihivi, dunia ni mviringo." Akakaa juu ya madigadi ya matairi ya nyuma, miguu mitupu, kengele mapajani, uso kule tunakokwenda, akawa macho yangu. Ndiyo maana sikugeuza shingo. Sikuhitaji. Alikuwa akiita: "Kulia. Kulia tena. Prosper, huko ni kushoto kwa binadamu wote." Halafu, "Simama, ng'ombe." Nikasema, "Ng'ombe gani?" Akasema, "Mwenye haki ya njia. Msalimie." Kwenye mfereji wa kwanza tuliingia majini tairi moja, naye akasimama akapuliza tarumbeta kwa ngumi zake mbili mpaka tukatoka. Alicheka akapata kwikwi. Sijawahi kumwona mtu anacheka vile, wala sijamchekesha mtu vile tena.

Tulifika getini kwetu saa tatu kasoro robo, na gari la kukusanya askari lilikuwa limesimama pale, dereva amelalia honi. Bwalo lilikuwa hatua mia mbili. Taa zinawaka, nawe ulionekana dirishani unafuta meza, una kile kitambaa cha bluu kichwani. Alikuona. Alisimama akakutazama akiwa na buti mkononi. Akasema, "Niende mbio?" Dereva akasema, "Ukienda unabaki, na utafungwa." Mimi nikamwambia, "Mama yako hatahama. Ijumaa ijayo tunaingia na hii kengele kama mabwana." Akasema, "Usimwambie, basi. Usiniharibie." Akaruka ndani. Nikaja nikala samaki wake.

Ijumaa iliyofuata hakupewa ruhusa. Ile ya pili unaijua.

Hapa ndipo barua zangu nne zilipoishia, na unaweza kuona zinaishia vizuri. Gia ilikwama, dereva alikuwa na haraka, vijana walikuwa wanamtengenezea mama zawadi. Hakuna mwenye kosa. Tirtza angeweza hata kuichapa. Na nikajua ukiisoma utanisamehe, na ukinisamehe kwa barua ile sitaweza kukaa kwenye meza yako tena, hata kama leo usiku utaniita.

Kwa hiyo naandika na hili, halafu nafunga bahasha kabla sijawa na akili.

Gia ilifunguka kwenye mfereji wa pili. Niliusikia mlio wake, nikaihisi mkononi, imelegea kama jino. Ilikuwa haijafika hata saa moja na nusu. Ningegeuza trekta palepale tungekukuta umekaa, supu bado ya moto, na angekuwa na saa nzima kando yako. Avsha hakusikia kwa sababu ya kwikwi. Nikairudisha kwenye rivasi, palepale ilipokuwa. Alikuwa anacheka kwa ajili yangu, na nilijua hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kufika kilomita nne.

Kengele warudishieni Givat Luz. Soksi ni zako. Na mahali popote utakaponisikia nikijisifu, wasahihishe: kilomita moja na nusu zilikuwa za gia. Mbili na nusu zilikuwa zangu.

Prosper